Samani, Zamani na Thamani: Historia Fupi ya Sebule ya Uswahilini

Katika lugha yetu yako maneno matatu yanayokaribiana kwa sauti kiasi cha kumbabaisha mtoto anayejifunza kusoma: samani, zamani na thamani. La kwanza ni vyombo vya nyumba, yaani viti, meza, kabati na kitanda. La pili ni wakati uliokwisha kupita. La tatu ni kima cha kitu machoni pa watu. Asili yao si moja. Zamani na thamani tumeyapokea kutoka Kiarabu, ilhali samani lina jamaa zake katika Kiajemi na Kihindi. Hata hivyo, atembeaye katika vitongoji vya Dar es Salaam atakuta vibao vilivyoandikwa kwa rangi ya mkono, "thamani za nyumbani zinauzwa hapa", na mwandishi wake amekusudia samani. Mhariri akiliona kosa hilo hulikata kwa kalamu nyekundu, na ni haki yake. Lakini mshairi hana budi kusita kidogo mbele ya kibao kile, kwa kuwa mwenye duka, bila kujua, ameuliza swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu: thamani ya samani hutoka wapi, na zamani ina sehemu gani ndani yake?

Nazungumzia sebule ya mtu wa kawaida wa Temeke na Kinondoni, yule anayepanga "chumba na sebule" na kuipamba kwa kidogo alicho nacho: kochi lililotumiwa na mwingine, meza iliyonunuliwa mnadani, kabati la shangazi lililopigwa msasa na kupakwa vanishi upya. Wako wanaoiona sebule ya namna hiyo kuwa ni aibu ya ufukara ifichwayo kwa kitambaa. Dai langu ni kinyume chake. Sebule hiyo ni pete moja katika mnyororo mrefu wa historia ya pwani, na anayeidharau anaidharau nyumba aliyotoka babu yake.

Tuanzie mbali kidogo. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulichongwa zidaka, safu juu ya safu, na katika zidaka hizo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. Pembeni palikuwa na kasha la njumu, lililokuja kwa msimu wa kaskazi kutoka Bombay au Surat, limejaa nguo na hati za mirathi. Mgeni mheshimiwa alikalishwa juu ya kiti cha enzi, kiti kirefu cha mgongo ulionyooka, cha mbao nyeusi iliyotiwa vipande vya pembe, na mahali pa kukalia pamesukwa kwa kamba. Viti hivyo bado vinaonekana katika Makumbusho ya Lamu. Kitanda nacho kilikuwa na majina ya viungo vyake kama mwili wa mwanadamu: matendegu ndiyo miguu, mifumbati ndiyo mbavu za ubavuni, na vitakizo vikafunga kichwani na miguuni.

Msomaji atambue jambo moja katika nyumba hiyo ya kitajiri: vyombo vyake vingi havikutengenezwa mjini pale. Kaure ilikuwa ya Mchina, kasha la Mhindi, busati la Maskati. Na vingi vilipita mikono kadhaa kabla ya kufika ukutani. Utukufu wa nyumba ya Kiswahili ulikuwa katika kupanga, yaani kujua kipi kikae wapi na kitazamane na kipi. Wapenzi wa ushairi wanakumbuka kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, alipotaka kuomboleza kuanguka kwa Pate hakuhesabu majeshi wala mipaka. Aliingia ndani ya nyumba, akaonyesha kumbi zilizobaki tupu, na zidaka za kaure zilizogeuka viota vya ndege. Mshairi yule alijua kwamba kufa kwa mji huonekana kwanza katika samani zake.

Hata lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kiti na kitanda ni maneno yetu ya Kibantu. Meza tumeachiwa na Wareno. Sanduku na rafu ni ya Kiarabu, zulia limetoka Uajemi, godoro lina nasaba ya Kihindi, kabati na kochi yamekuja na Waingereza. Mtu akiketi sebuleni Mwananyamala na kuvitaja vyombo vinavyomzunguka, ametaja karne tano za majahazi na meli. Hakuna anayesema kwamba meza si neno la Kiswahili kwa kuwa lilitumiwa kwanza na Mreno. Tumelipokea, tukalisugua, likakaa. Ikiwa maneno ya mtumba hayakututia aibu, kwa nini kiti cha mtumba kitutie? Na neno mtumba nalo ni la kale: ndilo jina la robota la nguo alilobeba mpagazi begani katika misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, zamani kabla halijawa jina la nguo zilizovaliwa Ulaya.

Sasa twende Mzizima. Sayyid Majid alipoanza kujenga mji wake wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, alikusudia mji wa majumba ya mawe kama Unguja. Kifo chake mwaka 1870 kiliuacha mji nusu. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na Waingereza waliowafuatia baada ya vita wakaugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni kwa mawe na bustani, Uhindini kwa maduka, na Kariakoo na Ilala kwa Waafrika. Katika sehemu hii ya tatu ndipo nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ilipopata umbo tunalolijua: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma ambako kuna jiko na choo.

Umbo hilo ndilo lililoamua hatima ya sebule. Nyumba ilipopangishwa chumba kwa chumba, kila chumba kikawa nyumba kamili ya familia. Ukumbi ukabaki njia ya wote, usiwekwe kiti. Ndipo mpangaji akavumbua sebule kwa pazia: nusu ya chumba kitanda, nusu ya pili viti viwili na meza, katikati kitambaa kilichotundikwa juu ya kamba. Msanifu wa majengo hakuichora sebule hiyo popote. Ilitokana na adabu ya pwani, isiyoruhusu mgeni kuona mahali unapolala.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilijenga mitaa ya kota, na Magomeni, Temeke na Kinondoni zikakua haraka katika miaka ya 1950. Magomeni ndiko alikohamia Mwalimu Julius Nyerere na familia yake baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955. Nyumba yake ya hapo, aliyoishi kabla ya Uhuru, leo ni makumbusho, na ndani yake vimehifadhiwa vyombo vya nyumbani vya wakati ule. Kinachomgusa mtazamaji ni ukawaida wake. Mambo makubwa ya nchi yalijadiliwa na watu walioketi juu ya viti ambavyo jirani yeyote wa Magomeni angeweza kuwa navyo. Historia ya taifa letu ina sebule, na sebule yenyewe ilikuwa ya uswahilini.

Miaka ya baada ya Uhuru ilileta mikondo mingine ya samani katika vitongoji. Azimio la Arusha la 1967 lilifuatwa, mwaka 1971, na utaifishaji wa majengo ya kupangisha. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini, na anayeondoka kwa ndege hapakii kabati. Hali kadhalika hapa Visiwani, baada ya Mapinduzi ya 1964, makasha na vitanda vya besera vya waliokimbia vilitawanyika, na sehemu kubwa ikaishia katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, kutoka huko ikavuka bahari pamoja na watalii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliutaja mlango wa mbao wenye nakshi uliochongwa kabla ya 1940 kuwa kitu cha kulindwa. Kwa kiti cha kawaida cha mninga hakuna sheria iliyoandikwa, na mlinzi wake ni moyo wa mwenye nyumba.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaikamua hazina. Dukani hapakuwa na sabuni, sembuse kochi. Katika miaka hiyo ufundi wa kutengeneza upya uliheshimiwa kuliko wakati wowote. Mito ya viti ilishonwa kwa mabaki ya nguo. Akina mama walifuma vitambaa vya kroshia, wakavitandika juu ya migongo ya makochi ili kuficha palipochakaa, na kwa miaka mingi kitambaa hicho cheupe kikawa alama ya nyumba yenye heshima. Hivyo pambo lililozaliwa na uhaba likageuka kuwa mtindo, likaendelea hata baada ya uhaba kwisha.

Mlango ulianza kufunguliwa kwa bajeti ya 1984, iliyowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na ukafunguka zaidi wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa. Pamoja na nguo za mitumba zilikuja samani zilizotumika ng'ambo. Mwaka 1994 Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar. Tangu hapo viti vilivyokuwa vikitazamana vikageuzwa vyote kuelekea upande mmoja, kama jamaa walio katika safu za swala. Ikazuka haja ya kabati kubwa la kukaa televisheni, na sebule ikaanza kushindana na sebule za kwenye tamthilia.

Wakati wote huo moyo wa samani za mji ulipiga Keko, katika wilaya ya Temeke. Anayepita huko husikia randa na msumeno kabla ya kuona duka, na makochi yasiyovishwa bado nguo yamepangwa kando ya barabara kama mifupa. Mafundi wa Keko wamerithishana kazi kwa macho na mikono. Kijana huanza kwa kupiga msasa, akahitimu kwa kushika patasi. Mbao zao zina majina ya kishairi: mninga, mkongo, mvule, msaji. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, njia ya kusini ikawa fupi, na mbao za Rufiji na Kilwa zikaja mjini kwa wepesi mkubwa zaidi, pamoja na uvunaji wa pupa ambao misitu ya kusini haijausahau. Mninga huchukua miongo mingi hata ufikie unene wa kupasuliwa mbao. Kwa hiyo kiti cha mninga cha mwaka 1975 kilichotupwa uani kinyeshewe ni mti uliokwisha kukatwa mara moja. Mwenye kukitupa na kuagiza kipya anaukata mti wa pili.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Siku hizi soko limejaa samani za mbao za kugandishwa, unga wa mbao na gundi uliobandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Zinang'aa dukani. Zikipigwa na unyevu wa masika ya Dar es Salaam huvimba pembe, na parafujo ikilegea haina pa kushika tena. Wahenga walikwisha kulisema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Vijana wanaooana hujiona hawajakamilika bila seti mpya ya sofa. Huikopa, na deni hudumu kuliko sofa. Nimeona mitaani sofa ikiwa imekwisha kuchanika ilhali marejesho yake yanadaiwa bado. Jirani aliyeketi juu ya kiti kikuukuu kisicho na deni amelala usingizi mtamu zaidi.

Wahenga hao hao walituachia methali ya pili, ambayo imetoka moja kwa moja sebuleni: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Methali haikusema kwamba mbacha ni mzuri kuliko msala. Imesema tu kwamba mbacha ni wako na msala unapita. Kati ya methali hizi mbili, ya kipya kinyemi na ya mbacha, mna falsafa nzima ya kupamba nyumba kwa bei nafuu.

Lakini falsafa bila mikono haifai kitu, kwa hiyo niseme yanayojulikana na mafundi. Kitu kikuukuu huchaguliwa kwa mifupa yake, rangi na kitambaa havina neno. Kigeuze kiti juu chini utazame viungo. Ikiwa kipande kimoja kimechongwa ulimi ukaingia katika tundu la mwenzake, kiti hicho kimetengenezwa na fundi, na kikilegea hufunguliwa, kikatiwa gundi, kikakazwa. Ikiwa kimeshikwa kwa misumari tu, kitalegea tena. Tazama chini ya miguu: unga mwembamba na vijitundu ni dalili ya wadudu, na vijia vya udongo ni mchwa. Pitisha kidole katika mishono ya kochi na pembe za kitanda kuwatafuta kunguni, kwani huyo ni mgeni asiyeaga. Uzito nao husema, kwa maana mninga na mkongo hukulemea mkononi, ilhali mbao duni hunyanyuka kama boksi tupu. Rangi ya zamani huondolewa kwa msasa, mkwaruzo ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, kisha ikafuata vanishi mkono mwembamba juu ya mwingine. Sponji mpya na kitambaa kigumu hulifufua kochi lililokatiwa tamaa. Kitanda cha kamba kilicholegea husukwa upya, na kikiwekewa mito huwa kiti cha sebuleni kisicho na mfano.

Kwa ukuta pia tunao mfano wa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga, kibarua kutoka kusini, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta za kawaida, akiziuza Oysterbay, katika upande huo huo wa Kinondoni. Alifariki mwaka 1972, na jina lake likawa jina la mtindo unaojulikana duniani. Vifaa vyake vilikuwa vile vile vya mtu anayekarabati chumba, na kilichozidi ni jicho lake.

Yupo atakayepinga, akasema kwamba kusifu vikuukuu ni kuwafariji maskini wasidai haki yao ya vitu vizuri. Hoja hii ina nguvu. Hakuna heshima katika kulazimishwa kupokea takataka za wengine, na kontena lililojaa masofa yaliyochoka ya Ulaya halijengi nchi. Ndiyo sababu natofautisha kikuukuu na kikuukuu. Kochi la kigeni lililotupwa na mwenyewe likaja kuua soko la fundi wa Keko ni jambo moja. Kiti cha mninga kilichochongwa hapa, kikakaliwa na babu, kikarejea kwa fundi wa Keko kutengenezwa, ni jambo jingine. Hicho kinampa fundi ujira, kinauacha mti msituni, na kinambakishia kijana kumbukumbu ya jinsi viungo vilivyofungwa kabla ya mashine. Kila kiti cha namna hiyo kikipasuliwa kuni, limepotea darasa moja. Mafundi wanaojua kuchonga ulimi na tundu kwa patasi wanazeeka, na hawana kitabu isipokuwa viti vyenyewe.

Meza ninayoandikia na kufasiria niliinunua mnadani, chakavu, droo yake moja ikiwa haina mpini. Ndani ya droo palikuwa na alama ya wino iliyomwagika zamani, na sikuisugua. Kila neno gumu ninapolitafutia mwenzake wa Kiswahili, naandika mahali ambapo mtu mwingine, nisiyemjua, aliandika yake. Sidhani kwamba kufasiri ni tofauti sana na kazi ya fundi wa Keko: unapokea kitu kilichotumika, unakifungua viungo, unakikaza upya, unakivisha nguo ya kwenu, kisha unamwambia mgeni karibu ukae.

Wasemao wamesema, nyumba njema si mlango. Huko Temeke, nyuma ya ukuta wa matofali usiopigwa lipu, huenda mna kabati la msaji lililovuka utawala wa marais sita, kitambaa cha kroshia kilichofumwa katika mwaka wa njaa, na kigoda alichokalia bibi akikuna nazi. Mwenye navyo asivione kuwa ni mabaki. Avitengeneze, avipange, na watoto wake awaambie kila kimoja kilitoka wapi, ili siku moja mshairi wa baadaye akiingia humo akute bado watu wameketi.